Muuguzi Alipoagiza Pansit

Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi inayochemka, moyo wangu unarudi kwenye lile jiko. Lilikuwa nyuma ya hospitali yetu ya wilaya, upande wa magharibi wa kisiwa cha Panay, kwetu Ufilipino. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao na saruji, vitanda ishirini na tano tu. Siku hizi wamejenga mpya kando ya barabara kuu, ina vigae na milango ya kioo. Ni nzuri, sikatai. Lakini mimi naikumbuka ile ya zamani, na mtu asinikataze.

Jina langu ni Isidra. Pale hospitalini wote waliniita Manang Sidring, maana kwetu mwanamke aliyekuzidi umri humwiti jina tupu. Nilikuwa mpishi. Kila asubuhi nilipika sufuria kubwa la uji wa mchele na kuku. Wahudumu walisugua sakafu kwa kumbi la nazi. Mguu mmoja juu ya kumbi, kiuno kinayumba, huku wanataniana. Sakafu iling'aa. Ah, siku zile.

Binti yangu Luzviminda alikuwa muuguzi hapohapo. Nyumbani tulimwita Minda. Mama jikoni, mtoto wodini. Mchana alikuja kula, anakaa juu ya gunia la mchele, anakula haraka huku ananisema eti samaki nimemkausha. Nilijifanya nimeudhika. Kumbe rohoni nilikuwa najivuna, maana katika ukoo wetu wote yeye ndiye wa kwanza kuvaa sare nyeupe.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyotokea. Kwetu kuna chakula kinaitwa pansit. Ni tambi zilizokaangwa na mboga na nyama. Tunakila siku ya kuzaliwa. Tambi ni ndefu, basi na maisha yawe marefu. Lakini wauguzi wana mwiko wao. Hawali pansit wakiwa zamu. Wanasema ukila pansit kazini, foleni ya wagonjwa nayo inakuwa ndefu kama tambi, na hutapumzika hata kidogo. Usicheke. Hata daktari wetu aliyesomea Manila alikuwa haigusi. Mimi mpishi nilikatazwa kabisa kuipika.

Mwiko huo tuliujua sisi wa hospitali. Watu wa nje hawakuujua.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Alhamisi watu wa milimani walishuka mjini kuuza mboga na kuku, na wenye wagonjwa waliwaleta siku hiyohiyo. Mchana chumba cha dharura kilijaa. Minda alikuwa peke yake pale. Daktari wa zamu alikuwa mmoja, naye alikuwa wodini.

Akaja mkulima mmoja, Rodelio, mwanamume wa miaka arobaini hivi. Alimleta baba yake, Tatay Honorio, aliyekuwa na kikohozi kwa wiki tatu. Mkononi Rodelio alikuwa na ungo uliofunikwa majani ya mgomba. Aliuweka juu ya meza ya wauguzi kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Inday, kuleni kidogo," alimwambia binti yangu, kama tunavyomwita msichana kwa upole. "Leo baba anatimiza miaka sabini. Mke wangu ameamka mapema kuipika."

Ndani ya ungo mlikuwa na pansit.

Minda alitabasamu, akashukuru. Alimpima mzee, akaona hali yake si ya kutisha, akawaambia wakae benchi wamsubiri daktari. Kisha akamkonyeza mlinzi, Manong Teban; Manong ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyekuzidi umri. Teban akaubeba ungo mpaka jikoni kwangu, haujaguswa. Meza yangu ilikuwa imejaa samaki. Nikasema weka chini pale. Akauweka karibu na kuni, ubavuni mwa ndoo ya makombo ya nguruwe.

Hilo kosa ni langu. Nalisema mwenyewe.

Baadaye kidogo Rodelio alikuja bombani, mlangoni mwa jiko, kumchotea baba yake maji. Aliuona ungo wake. Aliuangalia, akaiangalia ile ndoo, akaniangalia na mimi. Mie nilikuwa napara samaki, sikumsemesha. Akaondoka.

Kule chumba cha dharura akaletwa mtoto mwenye degedege. Akapitishwa mbele. Mara akaja mama mwenye uchungu wa kuzaa. Naye akapitishwa mbele. Rodelio aliuliza zamu yao lini. Minda akamjibu, "Subirini." Akauliza tena. "Subirini." Masikini binti yangu, alikuwa na watu kumi wanaomwita kwa wakati mmoja. Hakueleza kwa nini hawa wanapita. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kueleza.

Mara ya tatu Rodelio hakuuliza. Alisimama, akamshika Minda mkono, akaukunja. "Chakula chetu mmewapa nguruwe," akasema. "Na baba yangu mnataka kumtupa wapi?" Akamsukuma. Minda akaangukia kabati la dawa. Kioo kikavunjika.

Mimi nilisikia kile kioo. Nilitupa kisu nikakimbia. Nilimkuta mwanangu amekaa sakafuni, ameshika kifundo cha mkono, damu inamtoka juu ya jicho. Tatay Honorio alikuwa analia na kumwomba mwanawe aache. Teban alikuwa nje anapanga magari ya abiria. Alipofika mambo yalikuwa yamekwisha.

Nilimpeleka Minda jikoni. Nilimfunga mkono kwa kitambaa. Halafu, badala ya kumtetea mtoto wangu, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia maneno niliyoambiwa mimi miaka yote.

"Nyamaza, mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe. Mie nimemwagiwa uji wa moto mara mbili na ndugu wa wagonjwa. Nilimwambia nani?"

Minda alininyanyulia uso. Alisema taratibu, bila kupaza sauti.

"Hukumwambia mtu, Mama. Ndiyo maana leo imenifika mimi."

 Mpaka leo maneno hayo yananichoma.

Kesho yake Minda aliandika barua ya kuacha kazi. Alisema uuguzi basi. Ataenda mjini Iloilo kwa shangazi yake kuuza vitambaa dukani. Miaka minne ya chuo, usiku wote ule wa kusoma, yote yangeishia kwenye mita za kitambaa. Nililia hadi macho yakavimba. Lakini ningemwambia nini? Abaki apigwe tena?

Tulikuwa na matroni mpya, Bi Consuelo. Alikuwa na miezi mitatu tu pale. Mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Mimi sikumpenda, maana alikuwa amekuja kupima vikombe vya mchele wangu kama vile mimi mwizi. Barua ilipomfikia, hakumwita Minda ofisini. Alikuja mwenyewe jikoni. Akavuta kigoda akakaa.

Jambo la kwanza aliuliza, mkono umepigwa picha ya eksirei? Haujapigwa. Alikasirika kwelikweli. Alisema mgonjwa wa kwanza jana alikuwa Minda, na sisi tumemfunga kitambaa kama mtoto aliyejikwaa. Mkono ukapigwa picha siku ileile. Ulikuwa umeteguka.

Kisha akamwambia Minda, "Barua yako sijaikataa. Lakini nipe mwezi mmoja. Mwezi ukiisha na hujaridhika, nitaisaini."

"Mwezi mmoja utabadilisha nini, Matroni?" Minda akauliza.

"Kwanza, utaniambia yote yaliyotokea, na mimi nitayaandika. Jambo lisiloandikwa, wakubwa wanasema halikutokea."

Alitoa daftari jipya. Aliandika siku, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilianza. Hakuuliza hata mara moja, "Wewe ulimfanya nini?" Hilo nililiona. Watu wengi huuliza hivyo kwanza, na aliyeumia hufunga mdomo.

Wiki ileile aliwaita wafanyakazi wote. Daktari, wauguzi, wahudumu, mlinzi, na mimi mpishi. Akauliza nani amewahi kupigwa, kutukanwa au kutishiwa hapa kazini. Watu wakacheka. Wakasema, "Ah, Matroni, hayo ya kawaida." Akafungua daftari, akasubiri. Ndipo Teban akasema aliwahi kushikiwa panga. Muuguzi mmoja akasema alivutwa nywele. Mhudumu wa usafi, mama mzima, akasema kuna bwana mmoja alimtemea mate usoni, naye hakumwambia hata mumewe. Mimi nikafunua mkono wangu, nikaonyesha kovu la uji. Kicheko kikaisha. Kurasa kumi na moja za daftari zikajaa asubuhi hiyo.

Bi Consuelo alizisoma zile kurasa kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akasema, "Angalieni. Mengi ni Alhamisi, baada ya saa sita mchana. Watu wengi, muuguzi mmoja." Miaka yote tulikuwa tunaumia, na hakuna aliyejua kwamba tunaumia siku moja ile ile.

Kesi ya Rodelio haikufichwa. Tulikwenda nayo mbele ya mkuu wa kijiji chake. Rodelio alikaa kichwa chini. Alipoulizwa sababu, alisema mambo ya ungo. Alisema mke wake aliazima kuku wa jirani ili pansit iwe na nyama. Alisema aliona chakula chake kando ya ndoo ya nguruwe, akajua sisi wa hospitali tunawaona watu wa milimani ni wachafu.

Minda alishika mdomo. Akamweleza ule mwiko wa tambi na foleni. Mkuu wa kijiji alitaka kucheka, akajizuia. Rodelio alimwangalia binti yangu kama hajasikia vizuri.

"Kwa hiyo mliogopa foleni tu?" akauliza.

"Foleni tu, Manong. Nisamehe, nilipaswa kukwambia."

Na mimi nikasema, ya ndoo ni yangu. Nilimwomba radhi mbele ya watu. Haikuwa rahisi, mimi ni mtu wa kiburi.

Lakini Bi Consuelo hakuacha mambo yaishie kwenye machozi. "Nonoy," alimwambia Rodelio, maana kwake alikuwa kijana, "uchungu wako ni wa kweli. Na mkono wako ni kosa. Ungeweza kumuua. Akiumia muuguzi, baba yako nani atamtibu?" Rodelio aliandikiwa onyo na kutia sahihi mbele ya mkuu wa kijiji. Kwa miezi sita hakuruhusiwa kuingia hospitalini bila mlinzi pembeni yake. Baba yake aliendelea kutibiwa, akiletwa na binti yake. Kosa la mwana halikumfuata mgonjwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Bi Consuelo alilipeleka daftari kwa mganga mkuu, na kwa vile yalikuwa yameandikwa, hakuna aliyeweza kubisha. Alhamisi mchana wakawekwa wauguzi wawili. Teban akakatazwa kupanga magari. Kazi yake ikawa kukaa ndani, karibu na mlango wa dharura. Kila mgonjwa alikuwa na bantay wake, yaani ndugu wa kumkalia. Zamani walikuja sita sita na mikeka. Sasa bantay mmoja tu ndiye aliyeingia, wengine walisubiri kwenye kivuli nje, na mabenchi yakaongezwa.

Wagonjwa walipewa kadi. Nyekundu ni anayeweza kufa sasa hivi. Njano ni anayehitaji haraka. Kijani anaweza kusubiri. Muuguzi alitakiwa aseme kwa mdomo wake, "Kadi yako ni ya kijani, mbele yako wapo watano, nitarudi kukwambia tulipofika." Na kweli arudi. Neno "subirini" peke yake likapigwa marufuku. Chakula cha zawadi nacho kilielezwa. Tulimwambia mtu tunashukuru, tutakula zamu ikiisha, na tulikiweka juu ya meza safi. Mie mwenyewe nilisimamia hilo.

Kisha akatufundisha kumsoma mtu. Anatembea huku na huku. Amekunja ngumi. Sauti inapanda. Anakukazia macho, au amenyamaza ghafla. Ukiona hayo, usimguse, usibishane naye, usimwambie atulie. Simama umbali wa mkono na zaidi. Mlango uwe nyuma yako, si nyuma yake. Sema polepole, kwa sauti ya chini. Ukiona hatari, ondoka. "Kukimbia si aibu," alisema. "Kabati tutanunua jingine."

Akataka tuwe na neno la siri la kuitana. Neno ambalo muuguzi anaweza kulisema mbele ya mtu mwenye hasira bila kumchokoza zaidi. Teban akataka filimbi. Daktari akapendekeza jina la dawa, lakini sisi wengine tungeshindwa kulitamka. Minda alikuwa pembeni, mkono wake bado una bendeji. Akasema kwa sauti ndogo:

"Pansit."

Tukamgeukia wote.

"Muuguzi gani wa hapa ataagiza pansit akiwa zamu?" akasema. "Mkisikia nimeagiza, jueni nimeshikwa pabaya."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Minda mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Dirisha la chumba cha dharura lilitazamana na la jiko langu. Tukakubaliana: muuguzi akiagiza pansit dirishani, mimi nagonga kifuniko cha sufuria mara tatu, na Teban, muuguzi wa pili na daktari wanakwenda.

Mwezi wa ahadi ukaisha. Minda hakusema lolote kuhusu barua, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilikuwa naishi roho mkononi. Kila Alhamisi nilikata mboga nikiwa nimeelekeza sikio dirishani.

Mwezi wa tatu tangu siku ile ya ungo, Alhamisi, kondakta mmoja wa basi alimleta mke wake aliyezimia njiani. Mwanamume mrefu, mabega kama mlango. Minda alimpa mke kadi nyekundu, akamwingiza kwa daktari mara moja, akatoka kumweleza mume. Lakini yule bwana alikuwa hasikii. Anatembea huku na huku. "Mkeo atapimwa damu," Minda alimwambia, "nitarudi baada ya dakika kumi." Alirudi. Bwana akapiga benchi teke, benchi likaanguka.

Nikaona kwa dirisha mwanangu anarudi nyuma hatua moja, mlango uko mgongoni mwake. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeagiza chakula:

"Manang Sidring, naomba pansit sahani moja."

Niliangusha kisu. Nilikishika kifuniko, nikagonga, moja, mbili, tatu. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilisikia miguu inakimbia kwenye ile sakafu.

Walifika Teban na muuguzi wa pili; daktari alibaki na mgonjwa. Hawakumzunguka wala hawakumkamata. Walisimama tu pale alipo Minda, aone kwamba si mtu mmoja. Teban akamwambia, "Kaka, njoo tukae hapa nje kwenye upepo. Mkeo anashughulikiwa. Nikuletee maji?" Kondakta aliwaangalia mmoja mmoja.  Akakaa, akafunika uso kwa kofia yake, akalia kama mtoto. Kumbe miezi miwili nyuma walikuwa wamezika mtoto. Muuguzi wa pili alikaa naye, akamletea habari kila dakika kumi. Jioni mke alifumbua macho, akaomba uji.

Hakuna aliyeumia. Hata kioo hakikuvunjika. Jambo lile liliandikwa kwenye daftari kama mengine, maana Bi Consuelo alisema yanayoisha vizuri nayo yanafundisha. Mwaka uliofuata kurasa zilizojaa zilikuwa tatu tu. Na Minda alikaa pale miaka kumi na minne zaidi, mpaka akawa matroni yeye.

Lakini nataka nikwambie jioni ile. Zamu yake ilikwisha, akaja jikoni, akasimama mlangoni. Hakukaa kwenye gunia lake. Nikajua sasa anasema, Mama, naondoka.

"Mama," akasema, "leo niliogopa."

"Najua, mwanangu."

"Niliogopa, nikasema. Na watu wakaja."

 Nilimkumbatia na mikono yangu yenye magamba ya samaki, juu ya ile sare nyeupe, naye hakujali.